Kifua, Degedege na Kimeo: Majina ya Dalili katika Utambuzi wa Ugonjwa wa Kromosomu ya 22 kwa Mtoto Mchanga

Katika magonjwa yanayompata mtoto mchanga upo mmoja ambao hata leo hauna jina la Kiswahili lililokubaliwa, nao hutokana na kukosekana kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22. Makala haya yakusudia kueleza jinsi ugonjwa huo unavyotambuliwa kwa mtoto mwenye dalili za moyo, na hasa jinsi maneno yasemwayo katika vijiji vya mwambao, kama vile Mapinga katika wilaya ya Bagamoyo, yanavyoweza kuusaidia utambuzi huo au kuuzuia. Uchunguzi wa mganga wa hospitali huanza kwa maneno ya mama. Maneno hayo yakipotea njiani, hapana chombo kitakachoyarudisha.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kila chembe hai ya mwili wa binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Kromosomu ina mkono mfupi, uliopewa herufi p, na mkono mrefu, uliopewa herufi q. Kwa mgonjwa huyu, sehemu ya mkono mrefu wa kromosomu moja ya jozi ya 22, mahali paitwapo 22q11.2, haipo. Kwa wagonjwa walio wengi kipande kilichokosekana kina urefu wa herufi za kijeni zipatazo milioni tatu, na miongoni mwa jeni zinazopotea pamoja nacho imo ile iitwayo TBX1. Jeni hiyo hufanya kazi katika wiki za mwanzo za mimba, wakati shingo ya kiinitete ingali mikunjo midogo midogo. Humo ndimo itokamo tezi ya thaimasi, ambayo hulea chembe za kinga. Ndimo zitokamo tezi ndogo za paradhairoidi, ambazo hutunza kiasi cha kalsiamu katika damu. Na humo hutengenezwa sehemu za kaakaa na ile mishipa mikubwa itokayo moyoni. Viungo hivi, ambavyo kwa mtu mzima havielekei kuwa na uhusiano wo wote, ni majirani wa tangu tumboni. Kasoro ikiingia katika ujirani huo, huweza kuvigusa vyote, au vitatu, au kimoja tu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtoto mmoja katika kila watoto 4,000, na hesabu za hivi karibuni zaelekea kuongeza idadi hiyo. Kati ya theluthi mbili na robo tatu ya watoto hao huwa na kasoro ya moyo.

Yafaa kutazama jinsi lugha za kigeni zilivyohangaika na jambo hili, ili isidhaniwe kuwa Kiswahili peke yake ndicho kilichopungukiwa. Mwaka 1955 Eva Sedláčková, daktari wa sauti na usemi katika Prague, alieleza habari za watoto wenye kaakaa fupi ambao husemea puani. Mwaka 1965 Angelo DiGeorge wa Philadelphia alieleza habari za watoto wachanga wasio na thaimasi wala paradhairoidi. Katika miaka ya sabini madaktari wa Japani waliandika juu ya sura ya pekee ya watoto wenye kasoro katika mishipa itokayo moyoni, na mwaka 1978 Robert Shprintzen wa Marekani akaunganisha kaakaa, moyo na uso katika jina moja. Kila mmoja alimwona mtoto kwa dirisha la kazi yake: huyu koo, huyu damu, huyu moyo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, vipimo vya kromosomu vilipokuwa vikali zaidi, ikadhihirika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na kasoro moja. Majina yalikuwa manne au zaidi. Kipande kilichokosekana kilikuwa kile kile. Jina linalopendelewa sasa na wanasayansi ni anwani tu ya mahali katika kromosomu, nalo, pamoja na ukavu wake, lina fadhila moja kubwa: halimfungi mtoto katika kiungo kimoja.

Sasa na itazamwe Mapinga. Kata hii iko kando ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, baada ya kupita Bunju. Nchi hiyo ya Bagamoyo ni ya Wazaramo, Wakwere, Wadoe na watu wengine wa mwambao. Siku hizi jiji limesogea, na viwanja vimeshikwa na watu wa kila kabila. Lakini majina ya maradhi ya watoto yamebaki yale yale yajulikanayo pwani nzima, na mgeni huyapokea upesi kutoka kwa majirani, hasa apatapo mtoto.

Na adhaniwe mtoto aliyezaliwa huko salama, akarudishwa nyumbani kesho yake. Mshipa wake mkuu wa damu una kasoro, lakini siku ya kwanza kasoro hiyo haionekani, kwa sababu kile kimshipa ambacho wakati wa mimba huunganisha mshipa mkuu na mshipa wa mapafu kingali wazi. Kimshipa hicho hufunga katika siku chache za mwanzo. Kikishafunga, mtoto huyu hubadilika ghafula, naye wakati huo yu mikononi mwa mama na bibi yake. Hao ndio wanaomwona, na hao ndio watakaozipa dalili zake majina.

Jina la kwanza huwa ni kifua. Katika Kiswahili cha nyumbani, "mtoto ana kifua" ni sentensi ipanayo sana: huingia humo kikohozi, makohozi, kuhema, na mbavu kubonyea. Neno moyo halitajwi. Moyo, katika mazungumzo ya kila siku, ni makao ya ushujaa, huruma na nia. Mtu huvunjika moyo, hupiga moyo konde, hufanya jambo kwa moyo mmoja. Na moyo ukichafuka, mtu ataka kutapika. Basi mganga amwulizaye mama, "Je, mtoto ana tatizo la moyo?" atajibiwa hapana, na jibu hilo ni la kweli kwa kadiri ya lugha ya mama huyo. Mtoto atapewa dawa ya kifua, na pengine kikohozi chenyewe hana.

Hapa nguvu ya Kiswahili imo katika vitenzi kuliko katika nomino. Mama ambaye hana jina la ugonjwa wa moyo anavyo vitenzi vya kutosha kuueleza: mtoto hutweta, huachia ziwa kabla ya kushiba, hulala akiwa na njaa, hutoka jasho kichwani akinyonya, halafu huamka na kulia tena. Kwa mtoto mchanga kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote. Atwetaye katika kazi hiyo ni sawa na mtu mzima atwetaye akipanda kilima. Swali liulizwalo kwa vitenzi, yaani mtoto anyonyapo hupumzika mara ngapi, na jasho humtoka wapi, huleta jibu ambalo swali la nomino haliwezi kulileta.

Dalili ya pili ni rangi. Vitabu vya tiba husema kuwa mtoto mwenye upungufu wa oksijeni katika damu huwa wa bluu. Neno hilo ni la kukopwa, na jambo lenyewe limeelezwa kwa ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi midomo na kucha huweza kudanganya. Mahali pa kutazamwa ni ulimi, ufizi na ngozi laini ya ndani ya mdomo. Mama wa Mapinga akiulizwa kama mtoto amekuwa wa bluu, atamtazama usoni, na uso hauna bluu. Lakini mwambao unalo neno zambarau, ambalo ni tunda kabla ya kuwa rangi, na hapana mtu aliyekulia huko asiyejua ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Ulimi wa mtoto mchanga ukifanana na huo, naye hajala kitu, apelekwe hospitali siku ile ile. Mfano huu wafaa kuingizwa katika maelezo ya wakunga, maana wamwonyesha mama mahali pa kutazama pamoja na rangi yenyewe.

Dalili ya tatu ni nzito zaidi. Paradhairoidi zikiwa dhaifu, kalsiamu hupungua katika damu, na mtoto hukakamaa, hutetemeka au hupata mtukutiko wa viungo, mara nyingi katika siku au wiki za mwanzo. Jina la hali hiyo lipo tayari, nalo ni degedege. Nomino hii imetokana na ndege, ikakuzwa kuwa dege, kisha ikarudufiwa. Na pamoja na jina huja maelezo yake ya asili, kwamba kuna ndege au pepo apitaye juu ya mtoto. Wilaya ya Bagamoyo yenyewe imechunguzwa kwa habari hii: mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa huko juu ya namna degedege linavyotibiwa na uhusiano wake na malaria kali. Tangu wakati huo kazi kubwa imefanywa kuwaeleza wazazi kwamba degedege ni malaria, na mtoto awahishwe kituoni. Mafundisho hayo yameokoa watoto. Hata hivyo yameziba tundu moja na kuacha jingine wazi, kwa sababu neno moja sasa limefungwa na ugonjwa mmoja. Mtoto wa siku tano mwenye degedege pasipo homa, ambaye kipimo chake cha malaria hakionyeshi kitu, hana mahali pa kuwekwa. Yapo mambo mengi yawezayo kumletea hali hiyo, kama vile upungufu wa sukari, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizo au pepopunda. Lakini mtoto huyo akiwa pia hutweta anyonyapo, upungufu wa kalsiamu wapaswa kukumbukwa mapema. Kupima kalsiamu si jambo la gharama kubwa, na tiba yake ni kumrudishia kalsiamu, kwanza polepole kwa mshipa, baadaye kwa kinywa pamoja na vitamini D. Watafiti wa mwambao wameandika pia imani kwamba mwenye degedege hachomwi sindano, maana sindano itamwua. Kwa hiyo jina moja huweza kumzuilia mtoto dawa yenyewe impasayo.

Katika majina yote, lakini, hapana lenye hatari ya pekee kama kimeo. Neno hili lina maana mbili zilizofungamana: ni kile kinyama kidogo kining'iniacho nyuma ya kaakaa, na ni ugonjwa unaodhaniwa kuletwa nacho. Yaelekea kuwa limetokana na kitenzi -mea. Kama ndivyo, jina lenyewe ladokeza kuwa kitu hiki kimeota na chaweza kupunguzwa. Mtoto mwenye kikohozi kisichokoma, mwenye kutapika, au asiyenyonya vizuri husemwa ana kimeo, na fundi huitwa akikate. Dalili hizo ndizo hasa za mtoto anayezungumziwa hapa: kaakaa lake ni dhaifu au lina mpasuko uliofichwa chini ya ngozi, maziwa humrudi puani, hupaliwa, hukohoa. Basi huwekwa mbele ya kisu mtoto ambaye moyo wake hauna akiba, ambaye damu yake huenda ina upungufu wa kalsiamu, na ambaye kinga yake haijulikani.

Tena kuna jambo ambalo wataalamu wa lugha hawana budi kulijua kwa kuwa halimo katika maana ya neno kama ilivyo kamusini. Kwa baadhi ya watoto wenye mpasuko uliofichika wa kaakaa, kimeo huwa na ncha mbili badala ya moja. Ncha hizo ni ishara. Mkunga au mganga amfumbuaye mtoto kinywa kwa taa na kukuta kimeo kilichogawanyika amepata habari ambayo haihitaji mashine, na ikiwa mtoto huyo ana kasoro ya moyo, habari hizo mbili zikiwekwa pamoja humtosha kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Fundi akatapo kimeo, hukata pia ushahidi. Kwa sababu hiyo haifai kuwaambia wazazi kwamba kimeo ni upuuzi, kama baadhi ya mabango ya afya yanavyoelekea kusema. Wazazi wameona kweli kwamba kuna kitu nyuma ya kaakaa, na mahali walipopaonyesha ndipo. Yafaa waambiwe hivyo, kisha waombwe wakilete kimeo kitazamwe kabla hakijaguswa.

Kisha huja neno la lawama. Mtoto asiyenenepa, ambaye wiki hupita na uzito wake haupandi, husemwa amebemendwa. Maana ya kitenzi hiki katika mwambao yajulikana: wazazi, au mmojawapo, hawakuchunga miiko ya kujizuia baada ya uzazi, na mtoto amedhurika. Sarufi ya neno hili yastahili kuangaliwa. "Ana kifua" ni kauli ya kuwa na kitu. "Ameingiwa na degedege" humfanya ugonjwa kuwa mtendaji. Lakini "amebemendwa" ni kauli ya kutendwa, na mtendaji aliyefichwa ni mzazi. Mtoto mwenye moyo dhaifu hutumia nguvu nyingi kupumua na hunyonya kidogo, kwa hiyo hakonda kwa kosa la mtu. Mama asemwaye kwa neno hili huchelewa kumpeleka mtoto kituoni, kwani kumpeleka ni kujionyesha.

Ingetumainiwa kuwa hospitali ingemwondolea mama lawama hiyo. Mara nyingi humwongezea nyingine, tena kwa tafsiri mbovu. Magonjwa ya jeni huitwa kwa Kiswahili magonjwa ya kurithi, kana kwamba maneno hayo mawili yana maana moja. Hayana. Ugonjwa ni wa jeni ikiwa kasoro imo katika jeni au kromosomu. Ni wa kurithi ikiwa kasoro hiyo imetoka kwa mzazi. Katika ugonjwa huu wa kromosomu ya 22, kama watoto tisa katika kila kumi hawakurithi kitu: kipande kilipotea upya wakati mbegu ya mzazi ilipokuwa ikitengenezwa, na wazazi wenyewe wanazo kromosomu kamili. Mganga asemapo "mtoto ana ugonjwa wa kurithi", ndugu wa mume na ndugu wa mke huanza kutazamana, na swali la ukoo wa nani laweza kuvunja nyumba kwa habari isiyo ya kweli. "Ugonjwa wa kijeni" au "wa kromosomu" ni maneno makavu, lakini hayamtii mtu hatiani.

Lipo pia suala la kukiita nini hicho kitendo cha kipande kukosekana. Wanaisimu wanalo neno udondoshaji, walitumialo kwa sauti inayopotea katika neno, kama ile u iliyopotea mulango ulipokuwa mlango. Mfano huu wa sauti na jeni wafaa sana, kwa sababu katika hali zote mbili mfululizo unabaki na kiungo kimoja hakipo. Lakini udondoshaji umejengwa juu ya kauli ya kutendesha, na kauli hiyo hutaka mtu wa kudondosha. Baada ya kubemenda na kurithi, mama hahitaji kitenzi cha tatu chenye mtendaji. Mdondoko, kutoka -dondoka, hauna mtendaji: kitu kimedondoka, basi. Mdondoko wa 22q11.2, au kwa urefu mdondoko wa kipande cha kromosomu ya 22, ni jina liwezalo kuandikwa katika cheti na kusemwa mbele ya bibi.

Ama vipimo vyenyewe, habari yake si ndefu. Katika zahanati, kipimo cha oksijeni kibanwacho mkononi na mguuni chatosha kuanzia. Mtoto aliyetimiza saa 24 ambaye oksijeni yake haifiki asilimia 90 hutumwa mbele mara moja. Na hata akiwa juu ya hapo, akibaki chini ya asilimia 95 mkono wa kulia na mguuni, au tofauti baina ya mkono na mguu ikizidi 3, kipimo hurudiwa, na kikirudia kusema hayo hutumwa pia. Mguu ukipungukiwa kuliko mkono, huenda mshipa mkuu umekatika njiani, na kukatika huko kwa namna fulani ni kasoro ambayo madaktari wakiiona hufikiri mdondoko huu mara moja. Kipimo cha umeme wa moyo huweza kuonyesha upungufu wa kalsiamu kabla majibu ya damu hayajarudi. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kiitwacho eko, na upasuaji wa moyo wa watoto hupatikana Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwenye eneo la Muhimbili. Tezi ya thaimasi hukaa mbele ya moyo, kwa hiyo daktari afunguaye kifua cha mtoto na asiikute mahali pake amekwisha pata nusu ya jibu. Jibu kamili hutoka katika kipimo cha kromosomu, ambacho huitaji maabara maalumu. Lakini tiba ya kalsiamu na moyo haingoji.

Wala sura ya uso isingojewe. Maelezo ya vitabu yametokana zaidi na watoto wa asili ya Ulaya. Mwaka 2017 Paul Kruszka na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 106 kutoka nchi 11, na wakasisitiza kuwa ugonjwa huu hautambuliwi ipasavyo katika watu wa asili nyingine. Mtoto wa Mapinga huweza kufanana na baba yake kabisa na bado awe nao.

Kuhusu chanjo, tahadhari ya lugha yatakiwa pia. Watoto wachache mno, wasiofikia mmoja katika mia ya wagonjwa hawa, hawana thaimasi kabisa. Hao ndio ambao chanjo zenye vijidudu hai huweza kuwadhuru, na damu ya kuwaongeza hupaswa kuandaliwa kwa namna ya pekee. Walio wengi hupata chanjo baada ya kinga yao kupimwa. Kusema "mtoto huyu hachanjwi" ni kumnyima ulinzi anaouhitaji kuliko wengine.

Wako ambao hupita yote haya bila kutambuliwa. Moyo wao una kasoro ndogo, degedege halikuwajia, kimeo kilikatwa au hakikuangaliwa. Hao hujulikana waanzapo kusema. Kaakaa fupi haliufungi mlango wa pua, pumzi huvuja, na sauti zinazohitaji kufungiwa kinywani hugeuka king'ong'o: b husikika kama m, d kama n. Mtoto humwita baba, na jirani husikia mama. Watu wazima hucheka, na mtoto hujifunza kunyamaza. Mtoto wa namna hiyo akitambuliwa, wazazi wote wawili huombwa nao wapimwe damu, kwa ajili ya yule mmoja katika kumi ambaye kweli alirithi. Na mwenye mdondoko, kila apatapo mtoto, huweza kumpa kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Imetokea katika hospitali za nchi mbalimbali kwamba mzazi aliyekuja kwa ajili ya mwanawe akagundua hapo, akiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, kwamba ile sauti ya puani aliyochekwa kwayo tangu shuleni ilikuwa na jina.